Wimbo Usio na Mwitikiaji

Ndugu msomaji, mwaka huu shule zilipofungwa, mama yangu mzazi alikuja kutoka Mpwapwa kukaa nasi Dar es Salaam kwa muda wa mwezi mmoja. Alishuka kituo cha basi na mzigo wa kawaida wa mzazi atokaye mkoani: kiroba cha karanga, unga wa uwele, na mlenda mkavu uliofungwa katika kipande cha kanga. Wajukuu walimpokea kwa furaha, mke wangu akampisha chumba chenye hewa nzuri, nami nikajiona mtoto mwema.

Siku ya tisa, asubuhi kabla sijaenda kazini, aliniita uani akaniomba nimkatie tikiti ya basi arudi kwake. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema la. Nilimwuliza kama mkwewe au wajukuu wamemkosea, akasema la hasha, wanamheshimu sana. Kisha akatamka maneno ambayo hadi leo sijamaliza kuyatafuna: "Mwanangu, nyumba yenu ina watu watano, lakini jioni haina mtu."

Naam. Sikuwa na la kumjibu, maana alisema kweli. Hebu niieleze jioni ya nyumbani kwangu, nawe msomaji utazame kama haifanani na ya kwako. Mimi nimekaa na simu, nasoma habari ambazo mchana kutwa nimekuwa nikiziandika. Mke wangu anaangalia tamthilia kwenye televisheni. Kijana wetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ameziba masikio kwa hedifoni, anatikisa kichwa kwa muziki tusiousikia. Binti wa pili anacheza mchezo katika simu ya mama yake, na kitinda mimba amelala juu ya katuni. Hakuna anayegombana na mwenziwe, wala anayemtolea mwingine maneno machafu. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba utulivu huo ndio ustaarabu wenyewe.

Katikati ya utulivu huo aliketi mama yangu, mikono juu ya magoti. Alikabidhiwa rimoti kama mgeni anavyopewa maji ya kunywa, akaishika kwa adabu, kisha akaiweka chini.

Nisieleweke vibaya. Sikusudii katika makala haya kulaani simu wala televisheni. Mimi mwenyewe ninakula kwa simu, na gazeti hili lenyewe siku hizi husomwa na wengi kwa simu. Isitoshe, mtu anayetoka kiwandani au sokoni saa moja ya usiku, akiwa amesimama ndani ya daladala mbili, ana haki ya kupumzika apendavyo. Nakusudia kuwaza nawe, kama watu wawili waliokaa barazani, juu ya jambo moja tu: katika muziki, vitabu na sinema tunavyovileta majumbani mwetu, ni wapi sisi wenyewe tunapotakiwa kufungua kinywa?

SAFARI YA KURUDI

Niliomba ruhusa ya siku nne kazini, nikamsindikiza mama pamoja na kijana wangu wa kwanza. Ndani ya basi kulikuwa na televisheni, nayo ilitupigia muziki wa kizazi kipya tangu tulipotoka mjini. Abiria wote tulitazama mbele kama wanafunzi walioadhibiwa. Tulipokwisha kuipita Gairo, kioo kile kikazima ghafla, na kondakta akashindwa kukiwasha. Mara mama mmoja akauliza, bila kumwuliza mtu fulani, bei ya vitunguu mwaka huu. Mzee wa kiti cha nyuma akamjibu. Kufika Kibaigwa basi zima lilikuwa katika mjadala wa mvua, mahindi na ada za shule, na watu wawili wakawa wamegundua kwamba wana shangazi mmoja. Mama alinitazama, akatabasamu, asiseme kitu.

Pale Mbande tuliiacha barabara kuu ya Dodoma, tukapita Kongwa, ambako kuanzia mwaka 1947 Waingereza walipoteza fedha nyingi katika mpango wao maarufu wa karanga, tukaingia Mpwapwa jua likiwa limeinama juu ya milima ya Kiboriani. Ni mji mdogo wenye historia kuliko ukubwa wake. Misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilitua hapa kupata maji na chakula, na walimu wa shule za msingi wa karibu kila pembe ya nchi wamesomea katika chuo chake. Marehemu baba yangu alikuwa mmojawapo. Alikuja kusoma ualimu katika miaka ya sabini, akamwona binti mmoja wa Kigogo, akasahau kurudi kwao.

"NANI NDIYE MWIMBAJI?"

Jioni ile ile majirani walikuja kumpokea mama, kana kwamba alikuwa ameondoka mwaka mzima. "Mbukwenyi!" walisema mlangoni, na kabla chai haijaiva wimbo ulikuwa umeanza. Sikumbuki ni nani aliyeuanzisha. Mwanamke mmoja alitupa sauti juu, wengine wakaipokea kwa chini, wa tatu akaingia katikati na sauti ya peke yake, na wale waliobaki wakashika mapigo kwa makofi. Ngoma hazikuwepo, lakini wanawake wawili wazee walipiga magoti yao kama vile wamebana ngoma za muheme, zile ngoma zenye kiuno chembamba ambazo wanawake wa Kigogo huzishikilia kwa mapaja.

Kijana wangu alisikiliza kwa makini. Huyu ni mtoto anayejua majina ya wanamuziki wa Lagos na Johannesburg kuliko majina ya wajomba zake. Baada ya muda akaninong'oneza: "Baba, mbona sielewi, nani ndiye mwimbaji?"

Nilitaka kumjibu, nikagundua kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu lolote nililokuwa nalo. Katika muziki wa Wagogo si rahisi kumtenga mwimbaji na wasikilizaji wake. Kila mtu ana kipande chake. Ukikitoa kipande chako, wimbo haufi, lakini unabaki na pengo, nao wenzako wanalisikia. Watafiti wa muziki wametoka Ulaya kuja kurekodi namna sauti hizi zinavyopangana bila karatasi wala kiongozi mwenye fimbo, na kumbe siri yake kubwa haikufichwa: ni kwamba hakuna aliyeruhusiwa kukaa tu.

Ulimwengu ulimfahamu Hukwe Zawose, mwana wa kijiji cha Doduma mkoani Dodoma, aliyefariki dunia mwaka 2003. Alikuwa bingwa wa zeze na ilimba, na sauti yake iliweza kupanda hadi mahali ambapo sauti za wanaume kwa kawaida hazifiki. Muziki huo aliufikisha Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilifunguliwa mwaka 1981, na kutoka huko akaufikisha Ulaya na Marekani. Sahani yake iitwayo Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Lakini hata yeye, pamoja na umahiri wake wote, alisimama jukwaani akiwa amezungukwa na ndugu na watoto wa ukoo wake. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa sahani yao wenyewe, Maisha, wakiwa wao ndio viongozi wa wimbo, ilhali zamani wanawake wa ukoo huo walikuwa zaidi waitikiaji. Naona humo fundisho: kuitikia si kazi ya kudharauliwa, maana aliyeitikia miaka mingi ndiye anayejua wimbo unaanzia wapi.

KISANDUKU CHA BABA

Siku ya pili mama alinipa ufunguo wa kisanduku cha mabati alichoacha baba. Alikuwa amekikalia tangu msiba, asitake kigawanywe. "Chukua vya kusoma," aliniambia. "Mimi macho yameisha, na panya hawasomi."

Ndani yake nilikuta daftari za maandalio ya masomo, redio ndogo isiyo na mfuniko wa betri, na vitabu kumi na viwili. Nitataja viwili tu. Cha kwanza kilikuwa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969. Mara moja nilikumbuka sauti ya baba. Alikuwa akitusomea ile kesi ya Shailoki anayedai ratili ya nyama ya mwenziwe, naye hakusoma kama mtu anayesoma, bali aligawa sehemu. Mama alikuwa hakimu. Kaka yangu alikuwa mdaiwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo na mkaidi, nilipewa Shailoki, na kila niliponoa kisu changu cha kufikirika majirani walisogea dirishani. Kwa hiyo nilimjua Shakespeare nikiwa bado sijui kwamba alikuwa Mwingereza.

Kitabu cha pili kilikuwa kimechakaa zaidi: Ngonjera za UKUTA, cha Mathias Mnyampala. Wengi wetu tunamsahau mzee huyu. Alizaliwa mwaka 1917 katika nchi hii hii ya Ugogo, mbali na mwambao ambako watu walizoea kudhani kwamba ndiko washairi wote huzaliwa. Alifanya kazi serikalini na mahakamani, na mwaka 1954 kilitoka kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walipotakiwa kulipeleka Azimio kwa wananchi, yeye aliona kwamba shairi la mtu mmoja anayehubiri halitoshi. Akaendeleza ngonjera, yaani shairi la kujibizana: huyu anapinga, yule anamweleza, huyu anauliza tena, mpaka mwisho wanafikia mwafaka. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake viwili vya ngonjera vikatoka mwaka 1970 na 1971. Shule zikavipokea. Bila shaka wapo miongoni mwenu, wasomaji wangu, waliowahi kusimama juani katika sare ya shule wakaghani ngonjera mbele ya mgeni rasmi huku magoti yakitetemeka.

Siku hizi neno hilo limeanguka hadhi. Mtu akirefusha maelezo, tunamwambia, "Acha ngonjera zako!" Nadhani tunamwonea Mnyampala. Ngonjera ilikuwa na sharti moja ambalo mazungumzo yetu mengi ya leo hayana: huwezi kuendelea na ubeti wako mpaka mwenzako amalize wake, na ubeti wako lazima ujibu alichosema, si ulichokuwa umekusudia kusema tangu nyumbani. Hebu fikiria, ndugu msomaji, ni mabishano mangapi ya ofisini na ya chumbani yangekwisha kwa sharti hilo.

REDIO MOJA, WATU THELATHINI

Niliitoa ile redio ndogo, nikamwonyesha mama. Alicheka. Hiyo, alisema, ni ya juzi tu. Redio aliyoikumbuka yeye ni ya mwaka 1973, alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Kwa muda wa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio. Kazi ya mama ilikuwa kubeba kigoda cha bibi yake mpaka chini ya mbuyu, na kuzianua betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu kidogo.

Jambo lililonigusa katika simulizi yake ni hili: kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa. Ndipo kazi ilipoanza. Mtu anayejua kusoma alisoma kijitabu kilicholetwa, watu wakajadiliana, wakapinga, wakachekana, kisha wakaamua nani atachimba choo lini, na nani atafyeka majani yanayozunguka nyumba yake. Sauti kutoka Dar es Salaam ilikuwa ubeti wa kwanza tu. Beti zilizobaki zilikuwa zao.

Sinema nayo ilikuwa vivyo hivyo. Gari la sinema lilipofika, alisimulia, kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, watoto wakakaa chini mbele, wazee nyuma kwenye vigoda. Hakuna aliyenyamaza. Mwizi alipojificha nyuma ya mlango, uwanja mzima ulimpigia kelele yule bwana wa kwenye kitambaa: "Geuka nyuma!" Bibi mmoja aliondoka kwa hasira kwa sababu bwana yule alionywa mara tatu na hakusikia.

Hapo nami nikakumbuka yangu. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973. Televisheni ya kwanza mtaani kwetu ilipofika, ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja mkarimu aliyeiweka dirishani, ikitazama nje. Tulikuwa watu thelathini au zaidi tukitazama mpira. Tulibishana na refa. Tulibishana sisi kwa sisi. Mtu aliyekuwa amefika mwisho, asiyeona kitu, alisimuliwa na aliye mbele yake, na mara nyingi simulizi ilikuwa tamu kuliko mpira wenyewe.

Basi nikaona kosa langu. Nilikuwa nimefikiri kwamba vyombo ndivyo vilivyotunyamazisha. Sivyo. Redio ni ile ile, sinema ni ile ile. Tofauti ni hesabu. Chombo kilipokuwa kimoja kwa watu thelathini, umaskini wetu ulitulazimisha tujibizane. Leo nyumbani kwangu watu watano tuna vioo vinne, na hakuna anayehitaji kusimuliwa na mwenziwe. Tumepata neema, nami siilaani. Lakini jambo ambalo zamani tulilifanya kwa kukosa, sasa hatuna budi kulifanya kwa kupenda, la sivyo halitafanyika kabisa.

SI KURUDI NYUMA

Yuko atakayesema kwamba nataka turudi kwenye vibatari na zeze. La. Wazee wa nyanda hizi hawakuwa watu wa kukataa vipya. Mpwapwa ina kituo cha utafiti wa mifugo cha tangu enzi za ukoloni, na kutoka hapo alipatikana ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji huu. Ng'ombe huyo ni mchanganyiko: damu ya zebu wetu wa kienyeji, damu ya ng'ombe wa Bara Hindi kama Sahiwal na Red Sindhi, na kidogo ya Ulaya. Walichanganya ili apatikane mnyama mwenye maziwa zaidi lakini asiyeshindwa na ukame.

Ndivyo alivyofanya pia Patrick Balisidya katika muziki. Alizaliwa Mvumi, Dodoma, mwaka 1946, akaenda Dar es Salaam, akashika gitaa la umeme na kuiongoza bendi yake ya Afro 70. Mwaka 1977 bendi hiyo ilipiga Lagos katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi duniani, FESTAC. Alifariki mwaka 2004. Gitaa halikumfanya aache kuwa mtoto wa Ugogo. Kupokea cha wageni si aibu. Aibu ni kupokea tu, bila ya wewe mwenyewe kuongeza sauti.

Wala sisemi kwamba kila burudani lazima iwe ya halaiki. Kitabu kizuri huhitaji ukimya, na mtu akizama ndani yake peke yake anajibizana na mwandishi kimoyomoyo. Baba yangu, pamoja na michezo yake yote ya kugawa sehemu, alikuwa na saa yake ya alfajiri ambayo hata mama hakuthubutu kumwamsha kutoka kwenye ukurasa. Shida huja pale ambapo kila mtu yuko peke yake, kila siku, na hakuna hata mmoja aliyechagua iwe hivyo.

TULIPOJARIBU

Nilirudi Dar es Salaam na vitabu vile kumi na viwili, nikatangaza kwa sauti ya mkuu wa shule kwamba kila Jumamosi jioni simu zote zitawekwa juu ya kabati, nasi tutasoma na kuimba pamoja. Kijana akaangalia dari. Mke wangu akasubiri watoto waondoke, kisha akaniuliza kwa upole swali ambalo waandishi wa makala kama haya huwa hatuulizwi: "Nyumba ikiimba, nani atakuwa anapika?"

Aliendelea kuniambia kwamba tamthilia ile ya saa tatu ndiyo nusu saa pekee katika siku nzima ambayo hakuna anayemwita. Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika kumbukumbu zangu za baba anayesoma kwa madaha, sikuwa nimejiuliza ni nani aliyekuwa akiosha vyombo wakati huo, na mama yangu alikuwa hakimu wa Venisi huku akichambua mchele. Basi tukakubaliana: Jumamosi mimi na kijana tunapika na kuosha vyombo, na tamthilia ya siku nyingine haiguswi na mtu.

Jumamosi ya kwanza ilishindwa. Nilihutubia mno, binti akasinzia. Jumamosi ya pili umeme ulikatika, nasi tukakaa nje ukutani kwa sababu ya joto. Nilianza kusimulia habari ya bibi aliyemkasirikia mtu wa kwenye kitambaa. Binti akataka kujua kama yule mwizi alikamatwa. Sikujua. Kijana akasema yeye anajua, akaibuni hadithi nzima papo hapo, yenye polisi watatu na fisi mmoja. Umeme uliporudi hakuna aliyeinuka mara moja.

Jumamosi ya tatu watoto wawili wakubwa walisimama mbele yetu na kile kitabu kilichochakaa, wakaghani ngonjera kwa kupokezana. Kijana alianza kwa mzaha, akiiga sauti ya mtangazaji wa mpira. Lakini ubeti una vina na mizani yake, nao haukubali mzaha kwa muda mrefu. Ulimshika mkono, ukamwongoza. Alipofika mwisho wa hoja yake alimgeukia dada yake kwa haraka, kama mtu anayetaka kweli kujua atajibiwa nini. Sijapata kumwona akimtazama dada yake hivyo.

Baadaye usiku ule tulimpigia mama simu, tukaiweka mezani katikati yetu, sauti ikiwa juu. Naam, simu ile ile niliyokuwa nimeiweka kabatini. Nilimwomba aanzishe wimbo mmoja wa wale wa siku ya mapokezi. Alikataa kwanza, akasema ana mafua. Kisha akaanza. Sisi tukaitikia kwa maneno tuliyoyakumbuka nusu nusu, na kwa kuwa sauti huchelewa kidogo njiani kati ya Dar es Salaam na Mpwapwa, kila tulipomjibu yeye alikuwa ameshaendelea mbele. Tulikuwa nyuma yake wimbo wote. Mke wangu, ambaye si Mgogo na hajui hata neno moja, ndiye aliyeipata sauti ya chini sawasawa.

Wimbo ulipokwisha nilimwuliza mama ni lini atakuja tena kukaa nasi. Alinyamaza kidogo. Nilisikia jirani akicheka upande wake, kumbe hakuwa peke yake.

"Kwanza jifunzeni kiitikio," alisema. "Nikija sitaki kuanza kufundisha."

Hajasema tarehe, nami sijamwuliza tena. Jumamosi hii ni zamu yangu ya kupika, na kijana ameniambia nisichelewe sokoni.